GATE, DOOR, ENTRANCE: MLANGO NI MMOJA, MAJINA NI MENGI



Juma lililopita nilisahihisha kazi ya Kiingereza ya klasi mbili. Sentensi ya tatu ilionekana kuwa rahisi: "Wazazi wanangoja mlangoni mwa shule." Wengi waliandika kwamba wazazi wako kwenye "door". Wachache waliandika "port", na hivi wakawapeleka wazazi mpaka bandarini, kati ya mashua na magunia ya samaki. Mmoja aliyefungua diksionere aliandika "portal", na shule yetu ya matofali na mabati ikageuka kuwa kanisa kubwa la mawe kule Ulaya. Neno lililotakiwa ni "gate". Nikihesabu walioliandika, vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Kisha wengine walikuja kulalamika ku biro: "Mwalimu, diksionere inasema haya yote ni sinonimu. Kama ni sinonimu, sababu gani tunapoteza pointi?" Swali ni zuri, na ndiyo sababu ninaandika. Lakini kwanza niwaambie namna mimi mwenyewe nilivyojifunza jambo hili, kwa maana sikulijifunza kwenye tablo.

BARUA YA BABU

Nilikuwa mwanafunzi wa klasi ya nne ya sekondari. Babu yangu, mzazi wa baba, alikuwa mgonjwa wa macho. Siku zile waganga wageni waliosema Kiingereza walikuwa wakipita katika mkoa wetu, na walikubali kumpeleka hospitalini kwa gari lao. Barua yao ilifika kwetu jioni, mistari mitatu tu. Mstari mkubwa ulisema: "The car will wait at the gate at seven." Kijijini hapakuwa na mwingine wa kuisoma, ila mimi.

Nilijivuna sana. Saa niliipata vizuri: "seven" yao ya asubuhi ni saa moja yetu. Hapo wengi wangekosa, mimi sikukosa. Halafu nikatazama ndani ya kaye yangu: gate = mlango. Nikasema kwa sauti kubwa: "Babu, gari litakungoja mlangoni saa moja."

Sasa, kwetu ukisema "mlangoni" bila kuongeza neno, kila mtu anafahamu mlango wa kanisa, sababu hapo ndipo watu wanapokutana. Babu aliamka mbele ya jogoo, akavaa koti lake, akaketi kwenye ngazi za kanisa pamoja na nyanya na kifurushi cha chakula. Lakini gari lilingoja kwenye barieri, pale njia ya misioni inapoacha barabara kubwa, nyuma ya mikaratusi, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Dereva alingoja nusu saa, akaona hakuna mtu, akaenda zake. Saa nne babu alikuwa angali anaketi, kofia yake juu ya magoti.

Gari lile lilirudi kisha miezi mitano. Jicho moja lilipona. La pili, mganga alisema limeletwa kwa kuchelewa.

Babu hakunikaripia hata siku moja. Aliniuliza tu: "Mwanangu, kwa Kiingereza iko milango ngapi?" Sikuweza kumjibu. Leo ninajaribu.

1. DOOR: NI KITU, AO NI NAFASI?

"Door" ni neno la zamani kabisa katika Kiingereza, na lina ndugu katika lugha nyingi: Wajerumani wanasema "Tür", Wagiriki wa kale walisema "thura". Kwanza linataja ule ubao, ao bati, ao kioo, unaofunga na kufungua nafasi ya kuingilia. Nyumba ina "door", chumba kina "door", kabati lina "door", gari lina "door", hata frigo ina "door". Seremala anatengeneza "doors" na anaziuza.

Lakini nafasi ile yenyewe, yaani tundu la ukutani ambamo mtu anapita, jina lake kamili ni "doorway". Fikiri nyumba mpya iliyoezekwa, lakini seremala hajaleta mbao za milango. Nyumba hii iko na "doorways", haina "doors". Mvua ikinyesha na watu wakisimama pale katikati, nusu ndani nusu nje, wamesimama "in the doorway". Ukiandika wamesimama "in the door", Mwingereza atakufahamu, lakini atatabasamu kidogo.

Chini ya mlango kuna kizingiti, ule ubao ao jiwe unaloliruka kwa mguu. Hicho ni "threshold". Waingereza wanalitumia neno hili vilevile kwa mwanzo wa jambo kubwa: mtu anayekaribia kuanza maisha mapya yuko "on the threshold". Wanafunzi wa sayansi watalikuta kwa maana ya kipimo ambacho jambo fulani linaanzia, kama vile Wafaransa wanavyosema "seuil".

Kiswahili chetu cha kila siku kinaita ubao "mlango", na nafasi "mlango", na pengine hata sura ya kitabu "mlango". Msione haya kwa hiyo. Waarabu nao wana neno "bab", maana yake ni mlango, na tena ni sura ya kitabu. Ndani ya neno hilo ndimo alimotoka "bawabu" wetu, yaani mlinzi wa mlango. Kila lugha inagawanya vitu kwa kisu chake.

2. GATE: MLANGO WA UZIO

"Gate" ni mlango wa uzio, wa ukuta wa nje, wa lupango, wa shamba, wa zizi la ng'ombe, wa mji wenye kuta. Kuna njia rahisi ya kukumbuka: ukipita kwenye "door", mara nyingi unaingia chini ya paa, ukipita kwenye "gate", mara nyingi kichwa chako kinabaki chini ya mbingu. Shule yetu ina "doors" nyingi, lakini "gates" zake ni zile tu zinazokata uzio. Wazazi wanaongoja nje, kando ya sentineli, wako "at the gate".

Kweli, kiwanja cha ndege kinaharibu kanuni hii. Humo ndani, chini ya paa, kila nafasi ya kutokea kwenda kwenye ndege inaitwa "gate" na inapewa namba. Hata hivyo fikara ni ileile: ni mpaka, na kuna mtu anayesimama hapo kutazama karatasi yako.

Kiswahili cha vitabu kina neno lake kwa jambo hili: lango, na kwa wingi malango. Biblia zetu zinaandika malango ya mji. Lakini sisi kwa mdomo tumeliacha. Tunasema mlango mkubwa, ao barieri, ao portai. Kama ningalimwambia babu "langoni" ao "ku barieri", angaliketi mahali pa haki. Kwa hiyo upungufu haukuwa wa lugha yetu. Ulikuwa wangu.

Tazameni sasa miji ya Uingereza. London ya zamani ilizungukwa na ukuta ambao Waroma waliujenga, na watu waliingia kwa malango. Malango haya yaliacha majina yao: Aldgate, Bishopsgate, Ludgate, Newgate, Moorgate, Aldersgate. Miaka ya 1760 wakuu wa mji waliyabomoa karibu yote, sababu yalibana magari ya farasi. Leo ukienda Aldgate hutaona lango. Utaona barabara na magari tu. Jina limebaki kama ganda la konokono.

Lakini mwende kaskazini, katika mji wa York, na hapo mjihadhari. York ina njia zinazoitwa Stonegate na Coppergate, na hazikupata kuwa malango! Watu wa Denmark waliuteka mji ule mwaka wa 866 na wakakaa humo, na katika lugha yao "gata" ilikuwa njia ya kupita watu. Basi "gate" ya York ni barabara. Na malango yenyewe ya ukuta wa York, ambayo yangali yamesimama mpaka leo, yanaitwa "bar": Bootham Bar, Monk Bar, Walmgate Bar, Micklegate Bar. Neno hili "bar" lilitoka katika Kifaransa cha zamani, ni ndugu wa "barrière". Kumbe sisi tunaosema barieri kwa lango, tunafanana na watu wa York!

3. ENTRANCE NA ENTRY: MAHALI NA TENDO

"Entrance" haijali kama kuna ubao ao hakuna. Inaonyesha kazi ya mahali, yaani pa kuingilia. Pango halina "door", lakini lina "entrance". Soko lina "entrance", na shimo la mgodi vilevile. Hospitali kubwa inaweza kuwa na milango kumi, lakini mmoja tu ndio "main entrance", mlango mkubwa wa wageni, na mwingine ni "staff entrance", wa wafanyakazi. Kinyume chake ni "exit", neno la Kilatini lenye maana ya "anatoka".

"Entrance" ni pia ruhusa ya kuingia. "Entrance examination" ni mtihani wa kuingilia shule ao chuo. "Entrance fee" ni feza unazolipa kwa kuingia. Katika teatri, mchezaji akitokea mbele ya watu, "he makes his entrance".

Sasa mtego. Kuna neno lingine linaloandikwa kwa herufi zilezile nane. Ukikaza sauti mwanzoni, EN-trance, ni mahali pa kuingilia. Ukikaza sauti mwishoni, en-TRANCE, ni kumvuta mtu moyo hata ajisahau, kama watoto wanaosikiliza hadisi usiku kandokando ya moto. La kwanza lilitoka katika Kifaransa "entrer", la pili katika neno "trance". Si ndugu; wamefanana uso tu.

"Entry" iko karibu sana na "entrance", lakini inapenda tendo kuliko mahali. Alama ya barabarani, duara nyekundu yenye mstari mweupe, kwa Kiingereza ni "No Entry": usiingie. Viza ya kuingia nchini mara moja ni "single entry". Katika kitabu cha hesabu, kila mstari wa feza ulioandikwa ni "entry". Na katika diksionere, kila neno lililoelezwa ni "entry". Waamerika wanapenda kusema vilevile "entryway", yaani ile nafasi ndogo unayopita kabla ya kufika sebuleni.

Tena msisahau chakula. Wafaransa wanaita chakula cha kwanza "entrée". Waamerika walichukua neno hilo wakaliweka juu ya chakula kikubwa chenyewe. Basi ukialikwa na Mwamerika akakupa "entrée", kula ushibe. Usingoje sahani nyingine.

4. PORTAL, PORT, PORTER: WATOTO WA KILATINI

Hapa ndipo sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunapoangukia. Wafaransa wanasema "porte" kwa mlango, na mkono wetu unataka kuandika "port". Lakini "port" ya Kiingereza ni bandari, kama ile ya Kalemie ao ya Matadi. Ukiandika "Please close the port", unafunga kazi ya watu wa mashua wote!

"Portal" imetoka kweli katika neno la Kilatini "porta", mlango. Lakini ni neno la heshima. Linafaa kwa mlango mkubwa wenye mapambo, wa jumba la mfalme ao kanisa la zamani, na washairi wanalipenda. Hupati kumwambia mdogo wako afunge "portal" ili mbuzi wasiingie. Watu wa leo wamelipa kazi mpya: ukurasa wa intaneti ambamo mtu anaingilia ili aandikishwe ao apate habari nyingi unaitwa "portal". Na ninyi wa biolojia mnajua "veine porte", mshipa mkubwa unaopeleka damu kutoka matumbo mpaka ini. Kwa Kiingereza ni "portal vein". Ndiyo, hata ini lina mlango wake.

"Porter" ni maneno mawili katika nguo moja. Moja limetoka kwa "porta", nalo ni bawabu, mlinzi wa mlango wa jengo kubwa. Lingine limetoka kwa "portare", kubeba, nalo ni mpagazi, mtu wa kuchukua mizigo. Ukikuta "porter" katika maandiko, tazama kwanza mikono yake: ina ufunguo, ao ina sanduku?

5. KATIKA BIBLIA

Wengi wenu mna Biblia ya Kiswahili, na wengine wana ya Kifaransa ao ya Kiingereza. Ziwekeni pamoja. Katika Matayo mlango wa 7, pale panaposemwa juu ya njia mbili, Kiingereza kina "gate". Mgiriki aliandika "pule", lango kama la mji. Katika Luka mlango wa 13 mafundisho yanayofanana na haya yana neno lingine la Kigiriki, "thura", na tafsiri nyingi za Kiingereza za siku zetu zinaandika "door". Kule ni mji na njia, huku ni nyumba ambayo mwenyewe anasimama na kuifunga. Kiswahili chetu kinasema mlango kwa yote mawili, na tofauti hii inatupita bila kutusalimu.

Tena Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaita lango lile la Matayo "strait". Msome vizuri: si "straight", yenye maana ya nyofu. "Strait" ni nyembamba, ya kubana. Mtu anayehubiri kwa kutafsiri akikosea hapa, atafundisha watu juu ya lango lililonyoka, na hakuna atakayefahamu kwa nini ni vigumu kupita.

6. MILANGO ISIYO NA UBAO

Neno hili "strait" linatupeleka baharini. Kama jina la mahali, "strait" ni maji membamba kati ya nchi mbili, nasi kwa Kiswahili tunasema mlango wa bahari. Fikara ni ileile kwa watu wengi. Waarabu waliita maji membamba yanayoingia katika Bahari ya Shamu "Bab el-Mandeb", maana yake Mlango wa Kilio. Na huko Marekani, maji yanayoingia katika ghuba ya San Francisco yalipewa jina la "Golden Gate", Lango la Dhahabu, na John Frémont mwaka wa 1846. Watu wengi wanafikiri jina hilo ni la daraja jekundu linaloonekana katika picha. Hapana: daraja lilifunguliwa mwaka wa 1937, lango lilikuwapo mbele.

Na sisi je? Karibu na Kongolo, mto Lualaba unabanwa na majabali, na maji yanapita kwa nguvu na kelele. Juu ya karata pameandikwa kwa Kifaransa "Portes d'Enfer". Ukitafsiri kwa Kiingereza, utaandika nini? Si "Doors". Utaandika "Gates of Hell", sababu mto hauingii katika nyumba. Nchi ya Kenya nayo ina bonde lake karibu na Naivasha linaloitwa "Hell's Gate".

Mwisho wa safari hii ni Washington. Kule kuna majengo yanayoitwa Watergate, kando ya mto Potomac. Usiku wa tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa humo, ndani ya ofisi za chama kilichopingana na Raisi Nixon. Uchunguzi uliendelea mpaka Raisi mwenyewe akaacha kazi tarehe 9 Agosti 1974. Tangu hapo waandishi wa magazeti walikata mkia wa jina lile, wakaufunga kwenye kila aibu ya wakubwa. Mwaka wa 1986, habari ya silaha zilizouzwa kwa siri kwa Iran iliitwa "Irangate". Atakayeitafsiri "Lango la Iran" atachekesha watu. Hapo "gate" si lango tena. Ni harufu mbaya.

7. MISEMO MICHACHE YA KUKUMBUKA

Next door: nyumba ya jirani kabisa, ukuta kwa ukuta.
From door to door: kutoka nyumba hata nyumba.
Behind closed doors: kwa siri, wengine wasisikie.
To show someone the door: kumwambia mtu atoke. Si kumwonyesha ubao wake mzuri!
At death's door: mgonjwa sana, karibu kufa.
The gate: katika mchezo wa mpira, hesabu ya watazamaji walioingia, ao feza walizolipa.

8. NAMNA YA KUCHAGUA

Sinonimu ni kama ndugu wa nyumba moja. Jina la baba ni moja, lakini huwezi kumtuma yeyote kwa kazi yoyote. Mmoja ni fundi, mwingine ni mchungaji wa mbuzi. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize maswali matatu:

Kwanza: ni ubao, ao ni nafasi? Ubao ni "door". Nafasi tupu ni "doorway".
Pili: ni wa nyumba, ao ni wa uzio? Wa nyumba ni "door". Wa uzio, wa lupango ao wa mji ni "gate".
Tatu: je, ninataka kusema juu ya kitu, ao juu ya kuingia? Kama ni mahali pa kuingilia, andika "entrance". Kama ni tendo la kuingia, andika "entry".

"Portal" iacheni kwa majumba, mashairi, intaneti na ini. "Port" iacheni kwa mashua.

9. ZOEZI

Mjaze nafasi kwa neno moja: door, doorway, gate, entrance, entry, threshold. Mfunike majibu kwa mkono. Hapana kuiba!

a) The goats came into the garden because someone left the ...... open.
b) The carpenter is painting the ...... of the cupboard.
c) We could not find the ...... to the cave.
d) The house is not finished, there is only an empty...... without any wood.
e) The sign on the road says: No ...... .
f) She passed the ...... examination and went to the university.
g) The old man knocked his foot on the ...... and fell into the room.
h) The lorry is too big, it cannot pass through the school...... .

Majibu: a) gate. b) door. c) entrance. d) doorway. e) Entry. f) entrance. g) threshold. h) gate.

Aliyepata nane, vema kabisa. Aliyepata tano ao sita, asome tena sehemu ya kwanza na ya tatu. Aliyepata chini ya hapo, aje ku biro kisha masomo. Nitampokea, mlango uko wazi. (Ni upi? Door, bila shaka!)

Ndugu zangu, mtihani wa Serikali utakuja, na pointi zina maana yake, sikatai. Lakini wengi wenu mtakuwa watu ambao nyumbani wanapelekewa barua ili waisome: barua ya hospitali, ya mpaka, ya kazi, ya mtoto aliye mbali. Mama atakaa karibu nawe, hatatazama karatasi, atatazama mdomo wako. Ukikuta neno usilolijua vizuri, usijivune kama mimi. Sema: "Mama, neno hili lina maana mbili, tuulize kwanza." Hakuna haya katika kusema hivyo.

Mara ya pili, gari lilipokuja, sikumwambia babu neno la kitabu. Nilimshika mkono, tukatembea wawili jioni mpaka kwenye barieri, nikaweka kiganja chake juu ya mti wake. Nikamwambia: "Hapa, babu. Ni huu."

Akaupapasa, akasema: "Sasa nimefahamu Kiingereza."